Bakuli la Chini ya Kitanda

Harufu ya ngano iliyolowekwa haifanani na harufu nyingine yoyote ya jikoni. Si tamu wala si kali. Ina uchachu wa mbali, kama gunia lililonyeshewa na mvua likaachwa kwenye kona. Mimi niliijua kabla sijajua inatoka wapi, kwa sababu utotoni nililala kitanda kimoja na Bibi, mama yake Baba, kwenye chumba chake cha mbele katika nyumba yetu ya Kariakoo. Nje kulikuwa na kelele za wachuuzi na honi za magari ya mizigo, ndani kulikuwa na udi, mafuta ya nazi ya Bibi, na siku mojamoja harufu ile. Haikuja kila siku. Ila kila ilipokuja, kesho yake Bibi alipika bokoboko. Nilikuwa na miaka tisa nilipoyaunganisha mambo hayo mawili, na tangu hapo sijamwamini mtu yeyote anayeniambia kwamba chakula chake hakina siri.

Nyumba ilikuwa ya Bibi. Yeye alikuwa wa ukoo wa Washihiri, watu ambao babu zao walikuja kutoka Arabuni kufanya biashara, na Baba alikuwa akiendesha duka la vitambaa aliloachiwa na marehemu babu. Mama alitoka Newala. Alikuja mjini kujifunza cherehani, akaingia dukani kununua bitana, na Baba akampunguzia bei mpaka akamwoa. Bibi hakuipinga ndoa ile, ila hakuipongeza pia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Mama ilikuwa mlango wa jiko. Uani kulikuwa na jiko la kujengwa, lenye mlango wa mbao na komeo, na humo alipika Bibi peke yake. Mama alipika nje barazani kwa jiko la mkaa, jua likimchoma na mvua ikimkimbiza, kana kwamba alikuwa mpangaji aliyefika juzi, ilhali alikuwa na watoto wawili katika nyumba ile, mimi na mdogo wangu Hamudi.

Jambo lililomuuma zaidi halikuwa jua. Lilikuwa Baba. Jioni akirudi dukani alikaa kwenye mkeka wetu, akamega matonge mawili matatu ya chakula cha Mama, akasifu, kisha akasema anakwenda kumjulia hali mama yake. Alirudi masharubu yakinukia samli. Mama alikusanya sahani tu, na wali uliobaki tuliupasha asubuhi. Siku moja alimuuliza kwa upole ni lini atakula nyumbani kwake. Baba akacheka akamjibu, "Mama akishakiridhia chungu chako, mimi nitahamia kwako moja kwa moja." Mama hakucheka. Nadhani ndiyo siku aliyoamua kwamba chungu chake kitaridhiwa.

Basi mwezi wa Shaabani, Bibi akatoa neno lake. Alisema Ramadhani hiyo, siku baba mkubwa wa Ilala atakapokuja na watu wake kufuturu, bokoboko apike Mama Salma. Salma ni mimi. Likisifiwa, alisema, mwanawe ale kwa mkewe, yeye amezeeka na mikono imechoka. Neno hilo lilikuwa zuri mno, na mimi nilijiuliza kwa nini Bibi alilisema huku akiangalia pembeni. Kwa wasiolijua, bokoboko ni ngano na nyama vinavyopikwa pamoja kwa muda mrefu, kisha vinapigwa kwa mwiko mpaka vinakuwa kitu kimoja laini kinachovutika, juu kinamwagiwa samli na vitunguu vya kukaanga. Ukila la mtu aliyelijua, husikii wapi nyama imeishia na wapi ngano imeanzia.

Bibi alitoa maelekezo akiwa amesimama mlangoni pa jiko lake, tasbihi mkononi, komeo nyuma ya mgongo wake. "Ngano, nyama, chumvi, mdalasini. Chemsha mpaka viive, kisha piga kwa mwiko. Hakuna kingine." Mama akafanya hivyo hivyo. Akachemsha kutwa nzima, mkaa ukaisha akaongeza mwingine, akapiga kwa mwiko mpaka kanga ya kifuani ikalowa jasho. Kilichotoka kilikuwa nyama upande wake na ngano upande wake. Hamudi, aliyekuwa na miaka mitano na hakujua bado kusema uongo wa mezani, alitafuna muda mrefu akauliza kama zile ni karanga. Mama akajaribu tena kwa kuku. Akajaribu kwa nyama ya mbavu. Akatia tui, akatia maziwa, akabadili sufuria. Mwezi ule sisi tulikula majaribio. Tulikula bokoboko gumu, bokoboko la uji, bokoboko lililoungua chini, na kila jioni Mama alitutazama midomo kabla ya kumtazama Baba, na Baba alimega, akasifu, akaenda kumjulia hali mama yake.

Kwanza Mama alimshuku muuza ngano. Tulikwenda naye sokoni, tukazunguka kwenye maduka ya nafaka, akachota ngano kiganjani, akazing'ata moja moja huku muuzaji akimwambia, "Dada, hiyo ni ngano safi, we mwenyewe ndo hujui kupika." Akamshuku muuza nyama kwamba anampa ng'ombe mzee. Akaushuku mkaa. Walipokwisha wote hao, akabaki mmoja tu, lakini huyo hakuweza kumtaja. Alichofanya ni kuniuliza mimi, akinisuka nywele, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Bibi yako anatia nini kwenye bokoboko lake?" Nikasema sijui. Akauvuta msuko kwa nguvu kuliko kawaida.

Bibi naye alikuwa na shaka zake. Mama alikuwa na mapishi yake ya kwao, kuku wa korosho, na wivu wa Bibi ulianzia hapo, maana hicho ndicho chakula pekee ambacho Baba alikimaliza kwenye mkeka wetu. Mama alipomaliza kukipika alinipa bakuli nimpelekee Bibi. Bibi hakuligusa. Alifunua kawa, akanusa, akanitazama. "Onja wewe kwanza." Nikaonja. Akangoja, akinikagua macho kama ananitafutia homa, akaniuliza kama tumbo linaniuma, kama nasikia kizunguzungu. Alikuwa amesikia, kama watu wote wa Kariakoo walivyosikia, kwamba wapo wanawake wanaotia dawa kwenye mchuzi, ya mume apumbae na ya mama mkwe anyamaze. Alipoona sijaanguka, alikula. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya mtu asiyejali, "Mama yako anatia nini humu?"

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi, nazama huku na kule. Asubuhi moja nilipiga magoti kutafuta kandambili zangu chini ya kitanda cha Bibi, mkono ukagonga bakuli la bati lililofunikwa sinia. Nikafunua. Ngano zilikuwa zimevimba ndani ya maji, nyeupe na laini, ukizibonyeza zinapasuka. Bibi akaingia. "Hayo ni maji ya paka," akasema. Hatukuwa na paka. Siku chache baadaye nilimwona Mama akitoa kwenye kopo, juu ya kabati lake, vipande vyeusi vilivyokunjamana vya embe bichi lililokaushwa juani, ambavyo mama yake alimtumia kutoka Newala. Aliviponda pamoja na korosho, haraka, akiangalia mlango. Nilipouliza ni nini, alisema ni dawa ya kifua. Hakuna aliyekuwa akikohoa.

Nikakaa na siri mbili kifuani, na nakiri zilinipa ukubwa. Nilijua kwa nini bokoboko la Mama halilainiki. Nilijua pia kwa nini, Ijumaa moja, jiko la Bibi lilitoa moshi wenye harufu ya korosho na tui, na kwa nini baadaye alitoka na sufuria akaimwaga chini ya mpapai akidhani hakuna anayemwona. Mama alimwona. Alikuwa barazani anachambua mchele, akainama zaidi juu ya ungo, na pale nilipoona tabasamu lake nilisikia baridi, kwa kuwa lilikuwa tabasamu la Bibi hasa, lile la mlangoni pa jiko. Bibi alipomuuliza, Mama alikuwa amemwambia ni korosho na tui, hakuna kingine.

Ramadhani ikaingia. Mkesha wa siku ya wageni, Baba aliamua tufuturu mkeka mmoja, ili, alivyosema, wapishi wafanye mazoezi. Bibi alileta bokoboko lake. Mama alileta la kwake, la mwisho kabla ya mtihani, na kuku wa korosho pembeni kama mtu anayekuja na wakili. Tukafungua kwa tende. Baba akala la huku, akala la kule. Na kwa vile alikuwa mwanamume mwema asiyeona kitu kilicho mbele ya pua yake, akauliza, "Hivi, ngano si ni ileile? Mbona ya mama inalainika na hii hailainiki?"

Mama aliangalia sahani yake, akaanza kuokota punje za ngano ngumu moja moja, akizipanga ukingoni. Kesho yake angelipika bokoboko lile mbele ya ukoo mzima wa Baba, na wangelitafuna kwa adabu, na yeye angelirudi barazani kwenye jua lake kwa miaka mingine isiyojulikana mwisho. Sikuweza kuzitazama punje zile. Nikasema, "Bibi huloweka ngano usiku kucha. Chini ya kitanda."

Mkono wa Bibi ukasimama njiani. Aligeuka kunitazama, na mara nikakumbuka nani nalala naye, nani hunifunika shuka. Nikaona si haki nimvue nguo mmoja peke yake. "Na Mama anatia embe kavu kwenye korosho," nikasema. "Kwenye kopo. Juu ya kabati."

Sasa Mama naye akanitazama. Halafu wale wanawake wawili wakaangaliana, kwa muda mrefu, na nilingoja ugomvi ambao nyumba ile ilikuwa imeuhifadhi tangu siku ya harusi. Haukuja. Bibi alisema polepole, macho yakiwa kwa Mama, "Huyu mtoto ana mdomo."

"Mno, mama," akajibu Mama. "Hafichi kitu."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Na huyu tumemzaa wenyewe."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu walikuwa upande mmoja, na upande wa pili nilikuwa mimi. Usiku huo nililala chumba cha Mama na Hamudi, nikilia kimyakimya, maana Bibi alisema kitanda kimekuwa kidogo. Asubuhi nilipoamka baraza lilikuwa tupu. Jiko la mkaa la Mama limepoa. Mlango wa jiko la Bibi ulikuwa umefungwa kwa ndani, na nyuma yake nilisikia sauti mbili, moja ikieleza na nyingine ikiuliza, kisha zikibadilishana, kisha mwiko ukipiga, ukipumzika, ukipokezana mikono. Niligonga. Mama akasema, "Kacheze." Nikaweka sikio kwenye mbao, wakanyamaza.

Baba mkubwa alikula mpaka akalegeza mkanda. Aliuliza bokoboko kapika nani. Mama alimtazama Bibi, na Bibi akajibu bila ya kumwangalia mtu, "Tumepika." Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na mkeka mmoja, na Baba alikula akashiba mahali pamoja, akanenepa. Mimi nilirudishiwa kitanda changu baada ya Idi, lakini chini yake hapakuwa na bakuli tena, na katika miaka yote niliyoishi kwenye nyumba ile sikuwahi kuruhusiwa kuingia jikoni siku ya bokoboko.

Leo nina wangu wa kuwalisha. Naishi Magomeni na mume na watoto wawili. Ngano naloweka wazi, kwenye beseni, juu ya meza, kila mtu aione, na natafuta mapishi mapya kwenye simu ambako wanawake nisiowajua wanataja kila kitu mpaka aina ya chumvi. Naona ni vizuri, na nahisi kuna kilichopungua, maana kinachotolewa kwa kila mtu hakuna anayekipigania. Bokoboko langu linalainika, linavutika, mume wangu analisifu. Lakini silo lile. Lile la nyuma ya mlango lilikuwa na kitu kingine, kitu ambacho hakikuwa kwenye bakuli wala kwenye kopo, na wale wawili walikipata pamoja au walikubaliana pamoja kukificha. Bibi alifariki nacho. Nimemuuliza Mama mara nyingi. Ananijibu, "Ngano, nyama, chumvi, mdalasini. Hakuna kingine," na macho yake yanakwenda pembeni.

Binti yangu Zuhura hulala kwa Mama mwisho wa wiki. Juzi Jumapili alirudi na bokoboko kwenye hotipoti, nikafunua, nikanusa, nikamkumbuka Bibi. Nikamkalisha mtoto mbele yangu nianze kumsuka, nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali bibi yake anatia nini humu.

Zuhura aliangalia vidole vya miguu yake. "Hatii kitu, mama," akasema.

Nikauvuta msuko kidogo. Hakusema zaidi.