Mafuta Yasiyo na Kemikali

Mama muuza mafuta wa Mkuza haongei na mteja bila kwanza kumshika mkono. Humdondoshea tone la lavenda, mafuta ya maua yanayonukia, akalisugua taratibu kwa vidole vyake laini, akinong'ona kama anayetoa siri ya ukoo: "Haya ni mimea tupu, mwanangu. Hayana kemikali, na yanaingia mpaka kwenye damu." Zuwena wa Msimbu aliamini. Akawa anampaka mwanawe wa kiume, wa darasa la kwanza, mpaka kifua cha mtoto kikaanza kuvimba kama cha msichana anayebalehe. Daktari alisema huenda ni mafuta; ayaache kwanza, waone.

Zuwena alirudi kwa muuza mafuta na chupa. "Shikamoo mama. Wanasema haya yanaweza kuvuruga homoni za mtoto."

"Marahaba. Homoni gani tena?" Mama aliushika mkono wake, akausugua. "Haya yanaishia juu juu ya ngozi. Hayana nguvu hiyo."

Zuwena alikuwa akiiweka chupa mbele yake pale binti wa mama huyo alipoleta mjukuu aliyetoka kuogeshwa. Bibi alimpakata, akazipita chupa zake zote za mimea, akatoa mkobani kopo la mafuta ya mgando ya dukani.

"Huyu ngozi yake nyepesi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.