Hodi ya Bi Mwatum

Tangu viza itoke, Bi Mwatum wa Wawi hakai, hatulii. Hulifungua begi, akalifunga, akalifungua tena. Atatoka uani kuzigeuza karafuu zilizoanikwa jamvini, kisha arudi ndani hata hajazigusa. Jirani yake, Bi Rahma, alimtazama asubuhi nzima mpaka akachoka yeye.

"Shoga, kaa kitako. Ndege haiji kukuchukulia hapa uani."

Akae vipi? Binti yake Ummi yuko Uingereza, tena si London ya watu, ni shamba huko kwenye kondoo na ukungu, na mimba yake ya kwanza imeshakuwa kubwa. Kila siku humtumia mama yake nasaha za safari. Basi la kijijini likikupita, ndiyo basi tena mpaka kesho, na Jumapili usilingoje kabisa. Barabara ni nyembamba, hazina pa kupita kwa miguu, kwa hiyo tembea ukielekeana na magari. Ukikatiza shamba la mtu, geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Koti la mvua chukua hata kama jua linawaka. Hayo yote Bi Mwatum aliyameza. Lililomkwama kooni lilikuja jana.

"Na nyumba za watu, mama, usiziendee mpaka uitwe. Usipige hodi hivi hivi tu. Huku watu hupanga siku."

"Na mtu akiumwa?"

"Hupanga siku, mama."

Hebu niambieni, mwanamke huyu afanyeje? Umri wake wote kaumalizia kwenye hodi: ya kuomba chumvi, ya kumkanda mzazi maji ya moto, ya umbea mtupu. Hakuna aliyewahi kumpangia siku.

"Siendi," alimwambia Rahma ghafla. "Nitamtia aibu mwanangu kwa Wazungu wake."

"Mwana azae peke yake, weye umekaa hapa?"

"Nshasema siendi!"

"Basi mpigie umwambie mwenyewe."

Akampigia. Ummi akatokea kwenye kioo cha simu, kakaa jikoni na koti lake mwilini. Mumewe, Maher, alikuwa kazini kama kawaida. Maneno yote aliyoyaandaa Bi Mwatum yakampotea, akauliza jingine.

"Jirani zako huja kukuangalia?"

"Watu wema, mama. Tukikutana njiani hunipungia mkono."

"Nakuuliza ndani."

Ummi akageuza uso. "Ndani hawajaingia. Wao wangoja niwaite, na mie nangoja waniite."

"Tangu ulipohamia?"

Ummi akalivuta koti likamfunika tumbo. Bi Mwatum akahisi moyo unamuuma kweli kweli, na hasira juu ya nafsi yake, hasira ya kuwa siku zote alisikia nasaha na hakumsikia mwanawe. Akapiga ubao wa meza kwa vidole.

"Hodi."

"Mama, wafanya nini?"

"Hodi, nasema. Ya tatu nisipojibiwa nageuka narudi, wajua."

Ummi alikuwa keshaanza kulia, anajifuta kwa mkono wa koti.

"Hodi!"

"Karibu, mama," akasema, sauti imemkatika. "Karibu. Njoo upesi."

Bi Mwatum akaiweka simu, akajipangusa macho kwa pembe ya kanga, akamgeukia jirani yake.

"Rahma, njoo ulikalie hili begi, nilifunge."