Fundi Aliyegeuzwa Kumbukumbu Angali Kazini

Saa moja kasoro robo asubuhi, kengele ya ibada haijalia bado, na fundi cherehani wa shule anainua kamba nyekundu ili aingie kazini kwake. Kamba hiyo imeizunguka cherehani yake pande zote nne. Juu ya meza kuna kibao: "Tafadhali usiguse."

Anakilaza kibao kifudifudi, anakaa, anaweka mguu kwenye kanyagio.

"Leo siku ya nne," anasema bila kuinua macho. "Naingia kwa kupenya chini ya kamba kama mwizi, kwenye chumba nilichokaa miaka thelathini na mmoja."

Wanafunzi wanamwita Mama Pindo, maana hakuna binti aliyewahi kupandisha pindo la sketi katika shule hii ya Kilutheri akapita dirishani pake asiitwe. Chuo cha ualimu kilicho ng'ambo ya uwanja nacho kinamtegemea. Mashuka, mapazia, kanzu za kwaya, suruali zilizochanwa na seng'enge za uzio, vyote vinaishia mezani pake.

"Wanakuja wamejishika nyuma kwa mikono miwili," anasema. "'Mama, nilijikwaa.' Unajikwaaje ukachanika makalioni? Sema uliruka uzio kununua mkate, nikushonee, uwahi darasani."

Jumapili hii shule inatimiza miaka mia moja. Imeundwa kamati ya sherehe yenye watu kumi na wanne, na hakuna hata mmoja anayejua kutunga uzi kwenye sindano. Ilipoketi mara ya kwanza, iliamua kwamba shule inahitaji chumba cha kumbukumbu. Mara ya pili iliamua chumba hicho ni cha fundi, kwa kuwa ndicho pekee kilichobaki cha jengo la kwanza, lile la wanafunzi kumi na mmoja na mwalimu mmoja. Mara ya tatu iliagiza kamba. Katika vikao vyote vitatu, mwenye chumba hakuulizwa neno.

"Nimetoka likizo ya wiki moja tu, nakuta picha tisa za wakuu wa shule ukutani na mkasi wangu ndani ya kabati la kioo. Mkasi! Nauliza, mimi nikae wapi? Mwenyekiti ananiambia, 'Mama, sisi tunakuenzi.' Nikamwambia, baba, nienzi nikishakufa. Sasa hivi nina kazi."

Si hasira za bure. Amebakiza miaka miwili astaafu. Kamati imependekeza ahamie stoo ya magodoro, ambayo haina dirisha, na macho yake ya miaka hamsini na minane hayaoni tundu la sindano kwa mwanga wa taa. Fundi asiyeona atapewa mkono wa kwaheri mapema, wakati binti yake wa mwisho yuko mwaka wa pili katika chuo hichohicho cha ualimu, na anasomeshwa na cherehani hii.

Kisha kamati ikavuruga jambo jingine, na safari hii likamwangukia fundi mikononi.

Ili kuokoa muda, iliagiza nembo sitini zilizochapwa mjini, za kubandika kwenye kanzu mpya za kwaya. Nembo yenyewe kila mtoto wa kipaimara anaijua: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, ndani ya waridi jeupe, juu ya samawati, na pete ya dhahabu kuzunguka. Zilipofika, msalaba ulikuwa mwekundu na moyo ulikuwa mweusi tii. Watu kumi na wanne walikuwa wamepitisha mfano wake kwa kutazama fotokopi isiyo na rangi.

Mchungaji wa shule alishika moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Miaka mia tunafundisha kwamba moyo unaishi kwa imani," alisema. "Hatuwezi kusimama madhabahuni na mioyo sitini iliyokufa."

Basi ikabidi nembo zitariziwe upya. Cherehani inayoweza kazi hiyo ni moja, na anayeijua ni mmoja. Mkuu wa shule alikuja mwenyewe, akasimama nje ya kamba.

"Mama, tuokoe."

"Mkuu, hiki ni kitu cha kumbukumbu. Kibao kinasema nisiguse."

"Mama Pindo, tafadhali."

Akashona, kwa sababu wanakwaya hawana kosa. Nembo moja inamla dakika arobaini, na kwa siku anatoa kumi. Mgongo unamuuma, na wageni hawaishi.

Saa nne mwalimu wa historia anaingiza kundi la walezi wa mabweni, kufanya mazoezi ya kuongoza wageni wa Jumapili. "Na hii," anasema akinyoosha fimbo, "ni cherehani iliyotumiwa na mafundi wetu wa zamani."

Cherehani inanguruma. Mlezi mmoja anauliza, "Na huyu mama je?"

Mwalimu anakohoa. "Huyu... anamalizia."

Wakitoka, fundi anachukua kijitabu cha sherehe na kukipigapiga kwa kidole. Kimeandikwa kwamba mwaka fulani kwaya ilishinda mashindano "ikiwa imependeza sana". Anacheka kwa uchungu.

"Ilipendeza! Vitambaa viliadimika mwaka ule, nikakata mapazia ya bwalo nikashona kanzu. Wanafunzi walikula wamefinya macho kwa jua mihula miwili. Hilo mbona hawakuniuliza? Historia ya shule hii mimi naijua kwa viraka."

Anachotaka anakijua barabara. Anataka chumba kibaki cha kazi, na kila Jumatano mchana apewe wanachuo sita awafundishe kushona. "Wanakwenda kuwa walimu, na kifungo hawajui kukishika. Nikistaafu, nani atakaa hapa? Picha?"

Ombi hilo alilipeleka kwa mkuu, akajibiwa, "Tutaliangalia baada ya sherehe." Jibu hilohilo alipewa paa lilipovuja, na hadi leo ndoo iko pembeni.

Kwa hiyo amepiga hesabu yake. Kufikia Jumamosi jioni kanzu hamsini na tisa zitakuwa tayari. Ya sitini ni ya mkuu mwenyewe, anayeimba besi mstari wa mbele. Hiyo hajaigusa, na hataigusa mpaka aone barua yenye muhuri inayosema chumba ni cha fundi.

Na barua isipokuja?

Mama Pindo anavuta droo, anatoa moja ya nembo zile za mjini, anailaza juu ya kanzu kubwa na kuinyoosha kwa kiganja.

"Hii nitaibandika kwa dakika mbili," anasema. "Asimame mbele ya askofu na moyo wake mweusi."