Majina Kuzunguka Sahani

Muuza vitambaa wa Jinja akifungua jora jipya, harufu ya pamba na wanga hunirudisha nyumbani kwetu Mafubira, jioni ile mama na wafumaji wenzake wanane walipokaa mkekani. Mwenzao alikuwa amefukuzwa kiwandani kwa sababu ya kujifungua, nao walitaka arudishwe. Mimi, binti mwenye mwandiko mzuri, niliwaandikia barua ya kumpelekea msimamizi wa kiwanda, na katika majina nikaanza na la mama.

"Unataka na mimi nifukuzwe?" mama aliuliza, akicheka. "Wa kwanza ndiye wanayemwita kiongozi."

Nikaandika upya. Sehemu ya chini ya karatasi mama alifunika sahani, nikachora mviringo kuifuata, na kila mmoja akaandika jina lake kuuzunguka. Asiyejua kuandika aliweka alama ya dole gumba.

Asubuhi niliwasindikiza hadi langoni mwa kiwanda, nikiwatazama kama watu watazamavyo maharusi. Msimamizi aliigeuza barua, akaigeuza tena.

"Nani ameanza hii?"

"Zungusha tu, bwana," alisema mmoja wao. "Utamfikia."

Alizungusha mpaka king'ora cha zamu kikalia, na hakuna kati yao aliyeingia. Ndipo akamtuma mlinzi akamwite kazini yule aliyejifungua.