Kinu Kilichofungiwa

Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja, hakuna aliyeruhusiwa kutwanga sombe katika parcelle ya Eulalie M'Birindwa, yaani kiwanja chake chote. Ungeweza kuimba, kugombana na mumeo, au kumwogesha mtoto akalia hadi asikike ziwani; lakini kinu cha majani ya muhogo hakikuguswa. Majirani wa Nguba, mtaa wa Bukavu, walikwisha kuizoea sheria hiyo kama walivyozoea vizuizi vya wanajeshi barabarani, isipokuwa hii haikulindwa na bunduki.

"Madame Volcan, mulima umeamuka namna gani leo?" wanawake waliokuwa wakienda sokoni walimwuliza langoni.

"Umelala," alijibu bila kucheka. "Muende salama."

Jina hilo la utani, Mama Volkano, halikumkera. Alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka thelathini. Mwaka 1977, akiwa mwalimu kijana, alikuwa upande wa Goma mlima Nyiragongo ulipopasuka ubavuni na kumwaga lava iliyokuwa ikienda mbio kuliko mtu. Wanafunzi wake wawili, ndugu wa tumbo moja, hawakurudi darasani. Hakuna aliyekuwa amewaambia wakimbie. Aliporudi kwao Bukavu aliondoka na madaftari yao, na wazo ambalo hakuliacha tena: kwamba mlima hautetemeki bila ardhi kujua, na kwamba mtu akikaa kimya vya kutosha anaweza kuisikia.

Vyombo vya kweli vilikuwa kwa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Lwiro, lakini tangu vita vianze, barabara ya kwenda huko ilikuwa safari ya kuagana na watu wa nyumbani. Chake alikitengeneza mwenyewe ndani ya tangi la mawe lililokauka chini ya nyumba. Gurudumu zito la chuma kutoka gea ya lori lilining'inia kwa waya. Kutoka hapo ulitokeza mkono mrefu wa mbao, na kwenye ncha yake sindano. Sindano iligusa karatasi iliyopakwa masizi ya taa na kuzungushiwa kopo la maziwa ya unga, nalo kopo lilizungushwa polepole na mitambo ya saa ya ukutani ya marehemu mumewe. Ardhi ikitulia, sindano ilichora mstari mweupe ulionyooka. Lori likipita, ilikwaruza kama miiba ya samaki. Tetemeko lilikuja kwa mruko mmoja, kisha likafifia taratibu.

Sombe ndiyo iliyokuwa adui. Mchi ukipiga majani ya muhogo ndani ya kinu pale uani, mstari ulinenepa ukawa ukanda mweupe wenye nyuzinyuzi, kama ukingo wa mkeka uliochakaa. Kila jioni Eulalie aliipitia karatasi na kuandika herufi kwa kalamu nyekundu: L ni lori, S ni sombe, T ni tetemeko. Na V ni vita. Hiyo V ilijaa kurasa za mwaka 1996, na tena za 1998.

Binti yake wa pekee, Bibiane, alikuwa ameolewa Goma. Mumewe, dereva, alikuwa amekwama Butembo nyuma ya mstari wa mapigano, naye Bibiane aliishi peke yake na watoto wawili katika nyumba ya mbao, mahali ambapo ukifungua dirisha unauona mlima wote. Eulalie alimwomba mara nyingi ahamie Bukavu. Mwishowe wakapatana. Bibiane angebaki huko, na siku mama atakaposema "toka," angetoka siku hiyo hiyo bila kuuliza.

Mwishoni mwa 2001 mapigano yalisukuma watu wengi mjini. Eulalie aliwapa wanawake watatu kutoka Bunyakiri jiko lake la nje walale na watoto wao. Aliyewasemea wenzake aliitwa Mapendo, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno.

"Tutaheshimu saa yako, Madame," alisema alipoelezwa sheria. "Lakini hiyo mashini inashangaza. Haiogope mabombe, inaogopa sombe?"

Wenzake wakacheka. Eulalie hakucheka, wala hakusahau.

Wiki ya pili ya Januari 2002, ukanda wenye nyuzinyuzi ulianza kuonekana ndani ya saa iliyokatazwa. Ijumaa ulikuwa mwembamba. Jumamosi na Jumapili ulirudi, mnene zaidi. Eulalie aliandika S, S, na S nyingine, kila mara akikandamiza kalamu kwa hasira. Jumamosi hiyo pia, Bibiane alituma neno kwa phonie, ile redio ya mawasiliano ya parokia: vikombe vinagongana kabatini, majirani wana wasiwasi, je, mashine ya maman inasema nini?

Jumatatu asubuhi ukanda ulikuwepo tena. Eulalie alipanda ngazi, akavuka ua akiwa na karatasi mkononi.

"Nani ametwanga?"

Wanawake watatu walitazamana. "Hakuna mutu," alisema Mapendo.

"Siku nne! Mistari haidanganye."

"Basi ni sisi tunadanganya?"

"Nimefundisha watoto miaka makumi tatu. Ninajua sura ya mutu anayeficha kitu."

Mapendo alimtua chini mtoto aliyekuwa amembeba. "Mama, tulitembea siku sita mu pori. Tulikula majani bila kutwanga. Saa moja ya kungoja, itatushinda?"

Eulalie alikinyanyua kinu kwa mikono yake mwenyewe, kinu pekee cha parcelle ile, akakiburuta hadi stoo, akafunga kwa kufuli. "Nikiona tena mustari ule kesho, mutatafuta parcelle ingine," alisema. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akaenda parokiani.

Phonie ilifunguliwa siku tatu tu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kwa amri ya wenye bunduki. Edouard, aliyeiendesha, aliwapanga watu kwenye benchi kama wagonjwa. Aliyemaliza kusema alitamka "À toi," yaani zamu yako. Kila neno lililosemwa lilisikiwa na benchi zima la Bukavu, na benchi zima la Goma, na yeyote mwingine aliyekuwa kwenye masafa hayo.

"Bibiane, unanisikia? À toi."

"Ninasikia, maman. Hapa inatikisika kidogo kidogo. Tutoke? À toi."

"Hapana. Hapa kwangu ni sombe tu. Wageni wangu wanatwanga kwa siri. Hakuna kitu. Lala muzuri. À toi."

Benchi la Goma likaangua kicheko, sauti ikakwaruza ndani ya redio. "Sombe!" mtu alisema huko mbali. "Mungu asifiwe." Eulalie alirudi nyumbani akiwa ametulia kama mtu aliyesahihisha mtihani wote bila kufuta hata alama moja.

Jumanne asubuhi ukanda ulikuwa mpana kama kidole.

Hakungoja hata kunawa masizi mikononi. Aliupiga kwa teke mlango wa jiko la nje. "Mufunge mizigo! Mumeazima kinu kwa nani?"

Mapendo alikuwa amekaa juu ya gunia, akimnyonyesha mtoto. Hakusimama. Alisema taratibu, bila hasira, kama anayemweleza mtoto:

"Uulize parcelle yote kama kuna mutu alisikia mchi. Na kinu yako iko mu stoo, Madame. Ufunguo iko mu mufuko yako."

Eulalie alitia mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwepo, baridi. Alisimama pale mlangoni, watoto wakimwangalia, na mawazo yakamjia moja baada ya jingine. Mchi wa nyumba ya jirani haujawahi kufika kwenye sindano yake. Alikwisha kujaribu zamani. Asubuhi ile hakusikia hata mpigo mmoja, wala jana, wala juzi. Hakuwa amesikiliza. Alikuwa amesoma karatasi tu, na karatasi aliisoma akiwa tayari na jibu.

Alishuka ndani ya tangi akazitandaza karatasi zote tano sakafuni. Sasa aliona jambo ambalo mwanafunzi yeyote angeliona. Mtu anayetwanga huchoka, hupumzika, hugeuza majani; ukanda wa sombe hukatika hapa na pale. Huu haukukatika popote. Kitu kilichokuwa kikitwanga hakikuwa na mikono ya kuchoka.

Alikimbia parokiani kwa miguu. Edouard alimwonyesha mlango uliofungwa.

"Maman, hata Monseigneur, askofu mwenyewe, angekuja, leo sifungue. Wakisikia sauti siku isiyo ya ruhusa, watachukua mashini na mimi pamoja nayo."

"Watoto wa binti yangu, Edouard."

"Kesho saa tatu utakuwa wa kwanza. Ninaapa."

Hakulala vizuri, wala hakula. Jumatano alikuwa wa kwanza benchini, na nyuma yake walikaa watu kumi na wanne wakingoja zamu zao.

"Bibiane. Toka Goma. Leo. À toi."

Redio ilikwaruza. "Maman, boti inayofuata ni ya kesho asubuhi. Lakini Jumatatu ulisema ni sombe. Nimeambia parcelle muzima. Watu wamefungua mizigo yao. Leo unasema toka. Nishike neno gani? À toi."

Eulalie alikishika kile kidude cha kusemea kwa mikono miwili. Angeweza kusema mashine imepata hitilafu. Angeweza kusema wale wanawake wametubu. Benchi zima nyuma yake lilikuwa likisikiliza. Aliwajua karibu wote, na nusu yao alikuwa amewafundisha au amewafundishia watoto.

"Shika hili," alisema. "Jumatatu nilikosea. Hakuna mutu alitwanga. Niliwaita wanawake wa watu waongo, na wao njo walisema kweli. Mashini ilisema kweli pia. Mimi njo nilisoma vibaya. Ninalisema mbele ya watu wote wanaosikia. Mulima unatembea, mwanangu. Toka, na uambie kila mutu. À toi."

Mara hii hakuna aliyecheka. Bibiane akasema, "Nimesikia, maman," na Edouard akageuza uso akijifanya anarekebisha waya.

Alhamisi tarehe kumi na saba, Eulalie alikaa bandarini tangu saa sita mchana. Boti ya kutoka Goma ilitia nanga jioni jua likiwa bado juu ya vilima. Bibiane alishuka akiwa amembeba mdogo, mkubwa ameshika kanga yake, na kichwani beseni la nguo. Walikuwa hawajafika hata katikati ya safari moshi ulipopanda nyuma yao, upande wa mlima. Abiria wote waliuona. Hapo gatini ndipo wengine walipoanza kulia, maana waliacha watu.

Usiku huo lava ilikata mji katikati. Nyumba ya mbao ya Bibiane haikubaki hata msumari.

Ndipo zikaja siku za kungoja habari. Maelfu walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi, wengine Sake. Majirani wa Bibiane walipatikana mmoja mmoja kupitia phonie. Aliyekosekana ni muzee Maneno, mshona viatu mwenye mguu mmoja dhaifu, aliyekuwa akiwatengenezea watoto wa Bibiane viatu vya shule. Jumamosi ya pili Edouard alipokea neno, akaja nalo nyumbani mwenyewe. Muzee Maneno hakuonekana tena. Banda lake lilikuwa chini ya mwamba mweusi.

Bibiane alikaa ukumbini, mikono imelala mapajani.

"Jumatano nilimwambia, maman. Nilimwambia mara mbili. Alicheka. Alisema, 'Mwalimu alisema sombe alipokuwa ametulia. La leo anasema kwa woga. Mimi ninashika la kwanza.' Nikamwacha, boti haingoje mutu."

Eulalie aliondoka akashuka ndani ya tangi, akakaa huko mpaka mshumaa ukawa mfupi. Hakuzichana karatasi za siku zile tano, wala hakuzifuta herufi nyekundu. Chini ya karatasi ya Jumatatu aliandika, kwa mwandiko wa ubaoni: *Si S. Kosa ni la msomaji. Maneno, mshona viatu.* Kisha akaitundika ukutani mahali ambapo kila anayeshuka ngazi lazima aione, na anayeshuka kila siku ni yeye.

Siku iliyofuata alifungua stoo, akakibeba kinu hadi jiko la nje. Mapendo alimwona akija akasimama mlangoni.

"Nimekuja kuomba musamaha," Eulalie alisema. "Nilikubali kosa kwa redio, mbele ya watu. Lakini ninyi hamukuwa pale."

"Tuliambiwa," alisema Mapendo. "Bukavu yote iliambiwa." Alikipokea kinu, akakitua, akakigeuza kuangalia kama kimepasuka. "Saa yako bado ni ile ile?"

"Ile ile."

"Basi tutaiheshimu."

Tangu hapo Eulalie aliongeza jambo moja kwenye kazi yake. Hakuandika herufi S kabla ya kupanda ngazi, kuvuka ua na kutia mkono ndani ya kinu. Majirani waliona, wala hawakutania. Mara nyingi kinu kilikuwa kikavu na mstari umenyooka, naye alirudi chini na kuandika tarehe tu.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu ukanda ulitokea saa kumi na mbili na nusu. Alipanda ngazi, phonie tayari ikiwa kichwani mwake, maana ilikuwa Jumatano. Uani alimkuta Mapendo ameshika mchi.

"Ni mimi, Madame," Mapendo alisema haraka. "Leo ni mimi kweli. Mutoto ameamuka na njaa, alilia usiku muzima."

Eulalie alikaribia, akatia mkono ndani ya kinu. Majani yalikuwa mabichi, yamelowa, ya baridi kati ya vidole. Alisimama hivyo kitambo, mkono ndani ya sombe, kama mtu anayepima homa.

"Asante kwa kusema," alisema. "Twanga, mutoto akule."

Akashuka tena chini, akajipangusa kidole kilichokuwa kijani, akashika kalamu nyekundu.