Kengele za Isengwa ya Zamani

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Katoro, na kama kuna kitu kimenizeesha kabla ya wakati wangu ni hizi ramani zinazokuja zimejengewa ndani ya dashibodi. Mtu anaagiza gari Japani, analiendesha siku mbili kutoka bandarini hadi huku, kisha ananiletea na uso wa huzuni: "Fundi, inaongea Kijapani." Nawasha skrini, naona gari limesimama katikati ya bahari. Mwingine anataka niiwekee Kiswahili wakati yeye anamalizia soda. Mwingine alichomoa kadi ya ramani akaitupa, akachomeka kadi ya nyimbo, na sasa anagombana na mimi kwa nini mashine imegoma.

Hata zile zinazoijua Tanzania hazitusaidii sana. Zinaijua barabara ya Geita kwenda Ushirombo mpaka Runzewe, basi. Ukiacha barabara kuu skrini inabaki tupu na gari linaonekana linaelea. Ubaya zaidi ni majina. Dhahabu ikiisha mahali, wachimbaji huhama, na wakihama huhama na jina la kijiji chao. Isengwa iliyomo kwenye ramani iliachwa miaka tisa iliyopita. Isengwa yenye watu iko kilomita saba mbele yake. Ukiandika Isengwa ukafuata mshale, unapelekwa kwenye uwanda wa maduara, yale mashimo ya kuchimbia, yameachwa wazi, marefu kuliko mnara wa kanisa, na wakati wa mvua majani yanayafunika yote. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wateja ulikuwa mmoja: zima hicho kitu, uliza watu.

Aliyekataa ushauri huo alikuwa Theopista, ambaye wote tunamwita Mama Donatus. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Bukombe, mwenye Prado kuukuu inayopeleka unga, maji na abiria kwa wachimbaji. Alipolinunua gari hilo alinikalia kooni mpaka nikaitafutia navigesheni yake kadi ya ramani ya Afrika na kuibadilisha lugha iwe Kiingereza, ambacho chenyewe anakisoma kwa kubahatisha. Nilimcheka. Nikamuuliza, mama, mtu mzaliwa wa huku unaogopa kupotelea wapi? Akasema, "Wewe weka, mwanangu."

Kila alipoleta gari nilikuta vidoa vyekundu vimeongezeka kwenye ile sehemu tupu ya skrini. Nilidhani ni nyumba za wateja wake. Sikuuliza, maana nilikwisha kuamua kwamba ni mchezo.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imenyesha siku nne mfululizo. Mama Donatus aliacha gari kwangu asubuhi akisema taa zinafifia. Nikaona ni alteneta, ile inayochaji betri. Nikachukua spana namba kumi, nikachomoa betri, nikaanza kazi.

Sasa kuna jambo ambalo kila fundi wa kazi hii analijua. Nyingi ya ramani hizi hutunza alama zako kwa umeme wa betri. Ukichomoa betri bila kuunga nyingine ndogo pembeni, mashine inaamka kama imezaliwa leo. Usipokuwa na betri ya pembeni, basi walau piga picha orodha ya alama kwa simu yako. Nawaambia wateja hivyo kila siku. Siku hiyo nilikuwa na magari matatu yananisubiri, na vidoa vya yule mama nilikuwa nimevidharau.

Saa saba mchana alirudi karibu kukimbia. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo. Maduhu, mchimbaji wa Isengwa mpya, alikuwa amempigia simu. Mkewe Dorika alikuwa na uchungu tangu jana asubuhi, na muuguzi wa pale amesema mtoto amelala kwa kukingama. Bila kufika hospitali na kupasuliwa kabla ya jioni, wote wawili hawatapona. Kalavati la njia ya kawaida lilikuwa limechukuliwa na maji. Njia iliyobaki ilikuwa moja, ile ya zamani inayokatiza kwenye maduara.

Alteneta na betri nilikuwa nimeshavirudisha. Alipanda, akawasha. Skrini ikamwomba achague lugha.

"Eustace," akasema, "alama zangu ziko wapi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye ile skrini tupu, halafu akaniambia kwamba kila kidoa kilikuwa mdomo wa duara. Miaka yote hiyo, kila alipoona shimo kandokando ya njia alisimama akaliwekea alama na kengele, ili gari likikaribia lilie. Nilikuwa nimesubiri anitukane, na ningeona ni haki yake.

"Ingia," akasema. "Utabonyeza."

Tuliacha barabara kuu, na baada ya nusu saa majani yalikuwa yamefika madirishani. Mimi sikuona kitu ila kijani pande zote. Mama Donatus alipunguza mwendo, akashusha kioo, akaanza kutaja majina.

"Marcel, kulia. Hapa. Weka."

Nikaweka alama, nikaipa kengele. Nilitaka kuandika na jina, akanikataza, tutachelewa. Akasogea mita mia.

"Mwanaima, kushoto. Karibu sana na njia. Weka. Fredy huyu hapa. Mbele yake Agnetha, alichimba mawili, weka yote."

Nilishuka mara moja kuhakikisha, kwa sababu sikuamini. Nilipanua majani kwa fimbo pale aliponionyesha, na shimo lilikuwa pale, jeusi, linatoa ubaridi. Nilirudi kwenye gari nikiwa mpole.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia. Enzi za Isengwa ya zamani mchimbaji haachi mdomo wa duara lake, akienda kula atarudi akute mwingine ameshuka. Kwa hiyo mama lishe ndiye anayewafuata, na Mama Donatus alitembea na ndoo ya wali na sufuria ya maharage kutoka duara hadi duara, mchana na jioni, miaka minne. Alianza kwa Marcel na kumalizia mwisho wa uwanda. Ile njia ilikuwa miguuni mwake, na kila shimo alilijua kwa mtu aliyekaa juu yake akimsubiri na sahani.

Mimi ni Mkatoliki kama yeye, na namna alivyokuwa anataja majina yale, moja baada ya jingine bila kusita, mara mbili nusura niitikie "utuombee" kama kwenye litania ya watakatifu. Nimezoea kushangazwa na setilaiti, kwamba kitu kilichoko angani kinaijua Prado iko wapi Katoro. Mchana ule niliona jambo lililonishangaza zaidi, na nilikuwa nimekaa nalo bega kwa bega.

Tuliweka alama arobaini na moja. Saa tisa tukafika.

Dorika alilazwa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Maduhu. Hakuwa analia tena, na ukimya wake ulinitisha kuliko kilio. Tulipogeuza gari mvua ikamwagika upya, nzito, vioo vikafuka ukungu kwa ndani. Mbele ya boneti hapakuonekana kitu.

"Ongeza sauti ya mashine," Mama Donatus akasema, akakanyaga mafuta.

Kengele ikalia, akakata kushoto. Ikalia tena, akakata kulia. Alikuwa anaendesha kwa mwendo ambao mimi nisingethubutu hata kiangazi, na kila kengele ilipolia nilijua ni kidole changu kilichobonyeza, nikajiuliza kama nilibonyeza mahali penyewe au hatua tano mbele. Kuna mahali mashine ilinyamaza. Akakanyaga breki ghafla, gari likateleza na kusimama upande.

"Hapa yuko Suzana," akasema. "Hukumweka."

Nilishuka na tochi ya simu. Tairi la mbele lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye shimo. Nilikuwa nimebonyeza bila kuhifadhi. Nikarudi, nikabonyeza upya, tukaendelea, na nyuma Maduhu alikuwa anamwambia mkewe maneno ya Kisukuma kwa sauti ya chini, yale yale tena na tena.

Saa kumi na moja kasoro tulikuwa kwenye mlango wa hospitali. Walimpokea mbiombio na kitanda cha magurudumu. Tulikaa kwenye benchi na nguo zetu mbichi mpaka daktari alipotoka na kusema mama anaendelea vizuri na mtoto ni wa kike. Maduhu alipiga magoti mbele ya Mama Donatus palepale koridoni. "Wabeja, mama," akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja." Yeye akamshika mkono akamwinua, akamwambia aende akanunue uji kabla duka halijafungwa.

Kesho yake aliniletea gari tena. Alitaka majina. Nikaacha injini iwake, nikakaa kando yake, yeye anataja, mimi naandika, Marcel, Mwanaima, Fredy. Nikamuuliza kile kilichokuwa kimeninyima usingizi.

"Mama, yote unayo kichwani. Mashine ya nini?"

"Ya kichwani yananitosha mimi," akasema. "Gari hili siku moja litauzwa. Atakayelinunua hakumpikia mtu kule."

Tukaendelea mpaka ikabaki alama moja, ya arobaini na moja, lile duara lililo karibu kabisa na njia, ambalo jana alisema tu weka, bila jina.

"Hili la nani?"

"Tarsisi."

Nikaandika. Nikamuuliza kama naye alikuwa anakula kwake.

"Alikuwa mume wangu," akasema. "Hakuchimba popote. Alikuwa anapita na baiskeli, anauza nyanya. Majani yalikuwa yamelifunika."

Jina hilo ndilo nililolifuta jana yake kwa spana namba kumi, na yeye akaniambia ingia, utabonyeza. Nililisoma tena herufi moja moja, nikabonyeza kuhifadhi, kisha nikalifungua upya kuona kama limebaki.