Mstari wa Matundu

Mwaka jana nilikwenda Garsen kumwona mjukuu wangu anayetarajia mtoto wake wa kwanza. Nilimkuta amekaa mkekani, sindano mkononi, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anajifunza kufuma sweta. Akasoma kwa sauti, "K mbili, P mbili." Hutaamini, rafiki yangu: hata viatu sijavua, mdomo wangu ukaitika wenyewe. "Mbele, mbele. Nyuma, nyuma."

Akacheka. "Nyanya, kwani hizi herufi unazijua?"

Nazijua. Nilizijua kabla sijaweza kuandika jina langu sawasawa, na maisha yangu yote nimejizuia kuziitikia.

Miaka ile ya hamsini tulikaa ukingoni mwa Mto Tana, juu kidogo ya Ngao. Usicheke nikikwambia tulifuma sweta katika jua lile. Mzungu wa misheni, tuliyemwita bibi mwalimu, aliona jinsi watoto wachanga walivyokohoa msimu wa mafuriko, nguo zikilala mbichi na ukungu ukiingia mpaka chini ya vitanda, akaamua kila mtoto avae sufu. Nyanya yangu alisema watoto wataiva kama ndizi za kuvundika. Lakini alijifunza, tena kwa bidii, maana hakupenda kupitwa na jambo lolote.

Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe. Karatasi ya maelezo ilikuwa moja tu, na aliyeweza kuisoma alikuwa jirani yetu, mke kijana aliyepitia shule ya misheni. Basi tulifuma kwa sauti yake. Alasiri, tukishatoka kufukuza ndege kwenye mpunga, tulikaa barazani kwake, wanawake wazima na sisi wasichana, sufuria ya ndizi katikati. Yeye anaita, sisi tunaitika na kufuma. Akisema K, tunajibu "mbele", na sindano inaingia kwa mbele ya kitanzi, inaacha uso laini. Akisema P, tunajibu "nyuma", uzi unaletwa mbele na kitanzi kinaacha kinundu. Ukizipanga mbili kwa mbili, sweta linavutika na kumkumbatia mtoto kiunoni. Palipokuwa na alama ya nyota alisema "nyota!" nasi tukajibu "turudi!", maana nyota ilitaka urudie tangu pale ilipoanza.

Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kumtangulia. Hata kama vidole vinakuwasha, unangoja aite. Kwa hiyo masweta ya kijiji kizima yalikua pamoja, mstari kwa mstari, na akikosea yeye tumekosea sote. Tulimtania sana kwa hilo. Naye alikuwa mcheshi, ila wakati mwingine alinyamaza ghafla na kushika tumbo lake. Alikuwa ameshazika watoto wawili wachanga. Huyu wa tatu alimtaka kuliko kitu chochote duniani, na lile sweta alilifuma kama mtu anayejenga ukuta.

Siku ninayoikumbuka mto ulikuwa umejaa, unapita mwekundu na magogo yake. Alikuwa anaita mstari wa kifuani. Katikati akanyamaza, akavuta pumzi, akaendelea: "Uzi juu, viwili pamoja. Uzi juu, viwili pamoja." Uzi juu unaacha tundu, na viwili pamoja unaunganisha vitanzi ili hesabu isizidi. Maneno hayo hayakuwa ya sweta. Yalikuwa ya kofia, chini kabisa ya karatasi, pale pa kupitisha utepe. Macho yake yalikuwa yameteleza kwa uchungu wa uzazi na hakutaka kutuambia. Nasi tukaitika, tukafuma. Nyanya peke yake aliinua uso akamtazama, lakini hata vidole vyake viliendelea. Mstari ulipofika mwisho karatasi ikamponyoka mkononi.

Mumewe na shemeji yake walimlaza ndani ya mtumbwi wampeleke hospitali, Ngao. Tuliwasindikiza mpaka majini. Mtumbwi ulipochukuliwa na mkondo aligeuza kichwa akatupigia kelele, nusu anacheka, "Msinitangulie! Nikirudi tutaendelea!"

Alijifungulia humo humo mtumbwini, na hospitali hakuifikia akiwa hai. Walimzika Ngao. Kesho yake mumewe alirudi na mtoto wa kiume, mzima, amefungwa ndani ya leso ya mama yake.

Masweta yalibaki kwenye sindano, yote kwenye mstari ule ule. Matanga yalipokwisha bibi mwalimu alikuja kutusomea mwenyewe. "K mbili," akasema. Hakuna aliyeitika. Akachukua kazi ya nyanya, akaiangalia, akatuambia tufumue mstari wa mwisho.

"Hapa hatufumui, bibi mwalimu," nyanya akasema.

"Lakini mama, mstari huu una makosa."

"Makosa ni yake. Tumwachie. Wewe soma tu, mtoto ana baridi."

Tukamaliza kimya kimya, pamoja na lile lake. Msimu ule kila mtoto wa kijijini alikuwa na mstari wa matundu kifuani, na mtu wa mbali angedhani ndiyo mitindo yetu. Yule mtoto alipokua na kuuliza mama yake alikuwaje, picha haikuwapo hata moja. Nyanya alimshika kidole, akakipitisha tundu baada ya tundu kwenye lile sweta lililokwisha kumbana. "Hapa mama yako anatuita," akamwambia. "Sisi tunaitika."

Sisi wasichana tulimsikia zaidi ya hapo. Tukitoka mpungani jioni, sauti ilitoka upande wa maji: K mbili. Nilikimbia hadi nyumbani. Nyanya alinikanya: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nikashika neno hilo mpaka nikazeeka.

Sasa mto umehama. Pale ulipopita mtumbwi pamebaki bonde la nyasi, ng'ombe wa wafugaji Waorma wanakula, na baraza imerudi kuwa udongo. Masweta yalikwisha, mengine kwa nondo, mengine kwa mafuriko. Waliofuma pamoja nami siwaoni tena.

Simu ya mjukuu wangu ikaishiwa chaji. Akawa anahangaika kutafuta waya. Hapo nikamsikia mwingine akiendelea kusoma, kwa pumzi fupi fupi: uzi juu, viwili pamoja. Niliogopa, nilitazama tumbo la mjukuu wangu nikaogopa sana. Kisha nikamwonea huruma yule aliyeita miaka yote hiyo bila kujibiwa. Nikazichukua sindano.

"Nyanya," mjukuu akasema, "hapo hapana matundu."

"Yapo," nikamwambia. Nikaitika kwa sauti, kama tulivyokuwa tukiitika sote.